Santuri inanong'ona kwenye amplifaya mpya: kasoro iko wapi?

*Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Ujiji. Marehemu baba aliniachia sahani zake za santuri, sabini na kitu, nyingi ni zile ndogo zenye tundu kubwa katikati, za bendi za Tabora na Kigoma na za Kongo. Playa yake ilikufa zamani. Mwaka huu nimenunua nyingine ya mkono kwa kijana aliyekuwa akipiga disko, na amplifaya mpya dukani, yenye Bluetooth na USB. Boksi linasema wati 400. Nikiunganisha simu nyumba inatetemeka. Nikichomeka playa kwenye AUX, hata nikifungua sauti mpaka mwisho, wimbo nausikia kama unapigwa nyumba ya tatu, besi hamna, na kuna mvumo. Muuzaji ananishauri nichukue amplifaya kubwa zaidi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu, na pole kwa kuondokewa na mzee.

Usinunue amplifaya nyingine. Hiyo uliyonayo ni nzima, na ushahidi umeutoa mwenyewe: simu inatikisa nyumba. Hata wakikuuzia ya wati elfu moja, santuri itaendelea kunong'ona vilevile, maana wati hazina kosa hapa. Kuna kitu kinakosekana njiani, kati ya sindano na hiyo soketi ya AUX.

Kabla sijaeleza, nyanyuka sasa hivi ukarudishe sauti chini. Nasema kweli. Mteja wangu mmoja hapa Isevya, Tabora, alikuwa na tatizo lako hilihili. Alifungua sauti hadi mwisho ili apate angalau kitu, akaenda kuswali akaacha kila kitu hivyo. Mjukuu akapita, akabonyeza kitufe cha Bluetooth, simu ikashika. Muziki ulitoka mara moja tu. Aliniletea spika mbili, na koili za zile ndogo za juu zote zimeungua. Basi punguza kwanza, halafu tuendelee.

Ndani ya kichwa cha sindano mna kisumaku kidogo kuliko punje ya mchele, na pembeni yake koili mbili za waya mwembamba kama unywele. Sindano ikipita kwenye mfuo wa sahani inatikisika, kisumaku kinatikisika nayo, na koili zinazaa umeme. Ila ni umeme wa kuomba radhi: kwa vichwa vingi vya aina hii ni milivolti 3 hadi 5 hivi. Sasa geukia upande wa pili. Soketi ya AUX imetengenezwa kupokea vitu kama deki ya CD, ambayo hufikisha hadi volti 2, yaani milivolti 2,000. Chukua 4 uiweke kando ya 2,000: moja kwa mia tano. Ni kama kuweka dagaa mmoja juu ya mizani ya kupimia magunia pale Kibirizi. Mshale hautoki kwenye sifuri, na mizani haina ubovu wowote.

Zamani hili halikuwa tatizo kwa sababu amplifaya zenyewe zilikuja na soketi iliyoandikwa PHONO. Nyuma ya soketi hiyo mlikuwa na sakiti ndogo ya ziada, kazi yake kuupokea umeme huu dhaifu na kuukuza kama mara mia moja kabla haujaingia kwenye njia ya kawaida. CD zilipoingia sokoni mwaka 1982 na santuri ikaanza kusahaulika, watengenezaji wakaona ile sakiti ni gharama ya bure, wakaiondoa katika amplifaya nyingi za bei ya kawaida. Soketi zikabaki za AUX na CD, baadaye zikaongezeka za USB na televisheni. Ndiyo maana amplifaya mpya, hata iwe na nguvu namna gani, haijui la kufanya na sindano.

Utakutana na mzee atakayekuambia, "Sisi tulikuwa tunachomeka tu, inalia." Naye hasemi uongo. Redio-gramu nyingi na playa za sanduku za enzi hizo zilikuwa na kichwa cha aina nyingine, cha kristali au cha seramiki, kisichotumia sumaku. Kile hutoa umeme mwingi zaidi, mamia ya milivolti, kikaweza kuendesha amplifaya bila msaada. Huenda playa ya marehemu ilikuwa hivyo. Sauti yake haikuwa safi kama ya sumaku, na sindano yake ilikuwa nzito, inakula sahani. Lakini ililia.

Hapo ndipo wengi huishia: "Kumbe ni kukuza tu! Basi nichomeke kwenye maikrofoni." Mafundi wa shughuli hupenda sana njia hii, kwa sababu amplifaya za harusi zina soketi ya maikrofoni na soketi hiyo nayo hukuza umeme mdogo. Sauti itatoka, tena kubwa. Lakini itakuwa ngumu na kali, inachoma masikio, gitaa la besi halionekani na mwimbaji kama amebanwa pua. Mara nyingi pia utapata upande mmoja tu.

Sababu yake ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, univumilie kidogo.

Fanya jaribio hili jioni nyumba ikiwa kimya. Zima amplifaya kabisa. Weka sahani, zungusha, teremsha sindano, kisha sogeza sikio karibu na kichwa chake. Utausikia wimbo! Bila spika, bila amplifaya, sindano yenyewe inaimba. Sikiliza kwa makini uone inaimba nini: matoazi yapo, marakasi ipo, nyuzi za gitaa la solo zipo, maneno yanasikika. Besi hakuna. Ni kweli kwamba kitu kidogo kama kile hakiwezi kutoa besi hata kingetaka, lakini sababu nyingine ni kwamba hata ndani ya mfuo besi iliandikwa kwa kupunguzwa.

Waliipunguza makusudi. Sauti ya besi ikichongwa kwenye plastiki kwa ukubwa wake halisi, mfuo unayumba kushoto na kulia kama njia ya ng'ombe. Unakula nafasi, wimbo wa dakika nne hautoshi kwenye sahani ndogo, na sindano inaweza kurukia mfuo wa jirani. Kwa hiyo wachongaji huibana besi. Sauti nyembamba nazo, zile za matoazi, huziongeza kupita kiasi ili zikae juu ya ule mchakacho wa plastiki. Halafu wakati wa kupiga, chombo cha kupigia kinatakiwa kufanya kinyume chake: kuirudisha besi juu na kuzishusha zile nyembamba, na mchakacho nao unashuka pamoja nazo. Kila kampuni ilikuwa na vipimo vyake, vurugu tupu, mpaka mwaka 1954 chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, RIAA, kilipoweka kipimo kimoja, kikaenea duniani. Si marekebisho madogo hayo. Ukilinganisha na sauti za katikati, besi ya chini kabisa huwa imebanwa karibu mara kumi, na zile nyembamba kabisa zimekuzwa karibu mara kumi.

Kwa hiyo kinachokosekana kwako kinafanya kazi mbili kwa pamoja: kinakuza, na kinanyoosha kilichopindishwa. Maikrofoni inafanya ya kwanza tu. Kugeuza kitufe cha besi kwenye amplifaya hakutoshi, kwa sababu kitufe kile hakikukatwa kwa kipimo hicho. Kifaa chenyewe sisi mafundi tunakiita priampu ya fono.

Inawezekana unacho tayari bila kujua. Geuza playa, angalia nyuma au chini ya sahani ya kuzungushia: kuna swichi ndogo yenye maneno PHONO na LINE? Ikiwepo, priampu imo humo ndani; isukume kwenye LINE, chomeka AUX, kazi imekwisha. Umesema ni playa ya disko. Kama ni Technics SL-1200 yenyewe, ile iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1972 na madj wakaing'ang'ania miaka yote, hutaiona swichi hiyo. Ile haina priampu ndani. Lakini nyingi zilizoiga umbo lake zinayo. Angalia na amplifaya pia, nyuma, usiiamini boksi. Kuna mteja amewahi kuniletea amplifaya akilalamika kama wewe, kumbe PHONO ipo, imefunikwa na stika ya bei.

Tahadhari moja hapo: ukiikuta PHONO kwenye amplifaya na LINE kwenye playa, usizitumie zote mbili kwa pamoja. Utakuza kilichokwisha kukuzwa, na sauti itatoka imepasuka.

Kama hakuna popote, mrudie yule kijana aliyekuuzia. Dj wa sahani hapigi bila mixa, na mixa za disko zina soketi za PHONO nyuma, na priampu yake ndani. Kama bado anayo na haitumii, hiyo ndiyo dawa yako ya bei rahisi kuliko zote: playa iingie kwenye PHONO ya mixa, mixa itoke kwenda AUX. Usichanganye na mixa za kwaya na mikutano, zile zenye safu ya maikrofoni. Zile hazina.

La tatu ni kununua priampu peke yake. Ni kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni, soketi mbili za kuingia, mbili za kutoka, skrubu moja na adapta ya umeme. Ukiagiza Dar es Salaam, soma maandishi kabla ya kutoa hela. Yawe na herufi MM, ndiyo aina ya kichwa cha sumaku kama chako. Mzigo wa kiloohmu 47. Na ukuzaji wa desibeli 40 hivi, ambazo ndizo zile mara mia nilizotaja. Vipo vya MC pia, vya vichwa vya bei mbaya vinavyotoa umeme mdogo mara kumi zaidi ya chako. Usilipie usichokihitaji. Halafu waya wa kutoka playa kwenda kwenye kisanduku uwe mfupi, mita moja au moja na nusu. Kutoka kisanduku kwenda kwenye amplifaya unaweza kurefusha bila wasiwasi sana.

Fundi pia anaweza kukuundia. Mimi nimeunda nyingi kwa chipu ya NE5532, ambayo inapatikana na si ghali. Ugumu hauko kwenye chipu. Uko kwenye vipingamizi na kapasita zinazotengeneza ule mkunjo wa RIAA, lazima thamani zake ziwe sahihi na upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Mtihani wa kumpima fundi ni huu: mwulize atarudishaje besi. Akikujibu "nitaongeza ampu ya maikrofoni," mshukuru, chukua playa yako.

Lakini hakikisha kwanza kichwa chako ni cha sumaku na ni kizima. Chomoa pini za playa kutoka kwenye amplifaya. Chukua mita ya kupimia umeme, weka kwenye ohmu, ncha moja kwenye pini ya katikati, nyingine kwenye ukingo wake wa nje. Kichwa cha sumaku kitakuonyesha mamia kadhaa ya ohmu, au elfu moja na kitu, na nyekundu na nyeupe zitakaribiana. Mita ikikaa kimya pande zote mbili kama hujagusa kitu, kuna uwezekano kichwa ni cha seramiki, au waya zimekatika. Upande mmoja ukisoma na mwingine ukiwa kimya, angalia vile viwaya vinne nyuma ya kichwa: nyeupe na bluu ni vya kushoto, nyekundu na kijani ni vya kulia. Huku kwetu mara nyingi nakuta kimoja kimeshika kutu ya kijani. Kivute taratibu kwa kibano, kisugue, kirudishe. Ufanye mchana, na ukiwa hujakasirishwa na mtu.

Mvumo unaousikia sasa hautaisha hata ukipata priampu, kama hujafunga ule waya mwembamba wa tatu unaotoka kwenye playa. Umeuona? Una kikucha mwishoni, watu wengi huuacha unaning'inia. Huo ni waya wa ethi, unakwenda kwenye skrubu iliyoandikwa GND kwenye priampu au mixa. Kwenye ukuta usiupeleke kabisa, wala kwenye soketi ya umeme. Playa na amplifaya zipate umeme kutoka ekstensheni moja, na priampu ikae mbali kidogo na transfoma ya amplifaya. Mvumo ukibaki, sogeza vitu sentimita ishirini ishirini usikilize. Wakati mwingine ni adapta ya simu iliyo karibu tu.

Jambo jingine litakalotokea ukishapata sauti kubwa: spika zikiwa juu ya meza moja na playa, besi itairudia sindano, sindano itairudisha kwenye spika, na nyumba itaanza kuunguruma yenyewe. Weka playa kwenye rafu ya ukutani, spika sakafuni. Sakafu ya saruji ni rafiki yako hapa.

Nisikudanganye kuhusu ukubwa wa sauti, maana ndiyo uliyoniuliza. Hata kila kitu kikiwa sawa, santuri itakuwa chini kidogo ya simu. Nyimbo za siku hizi hubanwa zikawa na kishindo kimoja mwanzo hadi mwisho. Sahani ya mzee ina pumzi, ngoma inapanda na kushuka. Priampu nyingi za bei nafuu hutoa milivolti mia tatu hadi mia tano hivi, si volti 2. Kwa hiyo kama simu unaisikiliza kitufe kikielekea saa nne, kama mshale wa saa, sahani itataka saa saba au saa nane. Hiyo ni kawaida. Amplifaya nyingine zina sehemu kwenye menyu ya kuongeza kiwango cha kila soketi peke yake. Kama yako inayo, ipandishe AUX ilingane na Bluetooth, ili yasikupate yale ya mjukuu wa Isevya.

Utaona pia sahani zenyewe hazilingani. Zile ndogo za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970, nyingi zilitengenezewa Nairobi, na mara nyingi wimbo mrefu uligawanywa, nusu upande wa kwanza, nusu upande wa pili. Pale walipolazimisha dakika nyingi ziingie upande mmoja, mifuo ilibidi ibanwe na kuchongwa kwa sauti ya chini. Huna la kufanya ila kuongeza kitufe. Na kama priampu au amplifaya yako ina kitufe cha MONO, kibonyeze kwa sahani za mono, yaani zenye sauti moja kushoto na kulia, ambazo nadhani ndizo nyingi kwa mzee. Nusu ya mikwaruzo itanyamaza papo hapo. Watu hushangaa.

Sahani zioshe kabla ya kupiga: maji safi, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mzunguko, karatasi ya katikati isilowe. Na uzito wa sindano usikisie kwa kidole. Nenda kwa sonara pale Mwanga, uombe kuazima ile mizani yake ndogo ya dhahabu... hapana, atakukatalia, afadhali aje nayo kwako kunywa chai. Vichwa vya sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 3 au 4, kutegemea aina. Cha dj huwa kizito kuliko cha nyumbani. Uzito ukiwa mdogo mno, sindano inachezacheza na kuchana mfuo, na watu wengi hawalijui hilo, wanadhani wepesi ndio huruma. Sindano yenyewe kwa kuwa ni ya mkono, na imepigia disko, mimi ningeibadilisha kabla haijagusa sahani hata moja ya mzee.

Kama mita huna, au viwaya vinne vinakutia hofu, siku ukipanda treni kuja Tabora usihangaike kubeba playa nzima. Zile za disko kichwa hufunguka kwa kuzungusha pete iliyo kwenye mkono. Kifunge kwenye pamba ukiweke ndani ya kopo, mkono wa playa yangu unapokea vichwa hivyo. Na uje na sahani mbili za mzee, moja ya Kigoma na moja ya huku kwetu.